Mzee Kipimo na Simu ya Saa Kumi na Mbili

Wazee wetu, majirani, na ninyi wa mtaa wa chini ambao mlikuwa na kila sababu ya kubaki majumbani kwenu leo, familia imemkabidhi binti wa pili wa marehemu kazi ya kusoma maisha ya baba yake, si kwa kuwa anastahili, bali kwa kuwa, kama alivyosema shangazi yake jana mbele za watu, "wewe ndiye mwenye digrii na huna pa kwenda asubuhi."

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mzee Kipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, ukingo wa kushoto wa mto, akiwa mtoto wa nne wa mvushaji watu kwa mtumbwi na mkewe mfinyanzi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umakanika mwaka 1976. Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa na Mamlaka ya Bonde la Mto, kwanza kama msoma kipimo cha maji, na tangu mwaka 1994 kama msimamizi wa malango ya bwawa, kazi iliyomtaka aridhishe mabwana watatu kwa maji yaleyale, yaani mitambo ya umeme iliyotaka bwawa lijae, matishari ya mizigo yaliyotaka mto usipungue wala usifurike, na watu wa mtaa wa chini, ambao hawakutaka kingine ila kulala pakavu.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa akiunganisha simu katika ofisi za Mamlaka hiyohiyo, baada ya, kwa maneno ya mama, kupiga simu miezi saba mfululizo kuulizia taarifa ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amezituma, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Sasa tunafika tarehe 21 Aprili 2006, ambayo baba mdogo alishauri irukwe, na mama akasema isomwe, na mjane ni mama. Kanuni ya bwawa ni kwamba king'ora kilie saa mbili kabla ya maji kuachiliwa, na malango yafunguliwe moja moja, kila saa lango moja. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya tisa huko milimani, marehemu aliomba ruhusa ya kufungua lango la kwanza mara tatu tangu alfajiri, na mara tatu akaambiwa na ofisi kwa simu asubiri, maana bwawa likijaa ni umeme wa kiangazi kizima, naye akasubiri huku macho yake yakisoma kipimo na kujua, hadi saa nane mchana maji yalipogusa ukingo wa ukuta, akafungua malango yote manne kwa pamoja, dakika kumi na tano tu baada ya king'ora. Watu wanne wa mtaa wa chini walichukuliwa na maji, mmoja wao fundi cherehani, mke wa kinyozi, aliyekuwa amerudi ndani kuokoa nguo za wateja.

Tume ya uchunguzi ilipouliza amri ya kusubiri iko wapi, ofisi ilijibu kuwa hakuna karatasi yoyote, na marehemu akasema tu kwamba mkono uliozungusha gurudumu la malango ulikuwa wake, akashushwa cheo, akarudi kusoma kipimo hadi alipostaafu mwaka 2017, na hata baada ya hapo alisimika kipimo chake mtoni nyuma ya nyumba, mti uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikisoma, kisha akampigia yule kinyozi aliyefiwa na mke kumwambia maji yako wapi. Miaka miwili ya kwanza kinyozi aliikata simu, mwaka wa tatu akaanza kujibu neno moja, "Nimesikia."

Binti huyu anayesoma alihitimu uhandisi wa maji mwaka 2019, akatuma maombi ya kazi hadi akachoka, na tarehe 9 Septemba 2022 akaitwa kwenye usaili na Mamlaka yenyewe, ambako jopo lilisoma jina la baba yake, likatazamana, likamwambia "tutakupigia," na sote tunaijua simu hiyo. Alirudi nyumbani, akamwambia baba yake mezani, "Ulifungua maji, ukatufungia sisi milango." Marehemu alijibu, "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, kula." Tangu siku hiyo alichopata baba kwa binti yake ni shikamoo ya kutupiwa mlangoni.

Marehemu alianza kuugua figo Novemba 2023, na alipolazwa, mama ndiye aliyesoma kipimo na kupiga simu. Wiki ya mwisho mama alimweleza binti kwamba simu zote tatu za siku ile ya malango aliziunganisha yeye na kuzisikia, na kwamba marehemu alimkataza kutoa ushahidi, maana mama angefukuzwa kazi, na ada za watoto zilitoka kwenye kiti kile cha simu, ikiwemo ya digrii ambayo binti mwenyewe aliitumia kumsimanga baba yake. Ijumaa tarehe 31 Mei, alfajiri, binti alikwenda hospitali kuomba radhi, akamkuta hawezi tena kusema, anatazama saa ya ukutani iliyokaribia kumi na mbili, kisha simu iliyo juu ya kabati, naye msomi wetu akadhani anataka nesi, akakimbia kumwita nesi. Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa tano asubuhi, marehemu alifariki dunia.

Familia haimwombei msamaha, kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kuuomba, yeye alipiga simu tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule nesi aliyeitwa bure, majirani waliotuazima viti, wasoma vipimo wenzake waliobeba jeneza, na Mamlaka kwa shada la maua, ambalo safari hii lilifika mapema.

Baba, leo saa kumi na mbili asubuhi kipimo kilisoma mita mbili na sentimita kumi, maji yanashuka, binti yako alimpigia kinyozi, naye kinyozi akajibu, "Nimesikia."

Pumzika kwa amani.