Mkanda wa Pili wa Fataki

Marehemu Lai Kun-tse, tunayemzika leo hapa Huwei, aliacha maagizo matatu juu ya wasifu wake: usomwe polepole, usimfanye malaika, na usisomwe na mdogo wake, kwa sababu mdogo wake ana sauti nzuri na watu wangemsikiliza yeye. Unasomwa na binti yake, Pei-chen.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1955 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lai Tian-fu, dereva wa garimoshi la miwa, na Bibi Sim Gim-lian. Miezi kumi na mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Kun-shan. Marehemu hakuombwa ushauri. Alipofika umri wa kuanza shule alishikwa na homa ya mapafu akapoteza mwaka mzima, na kwa hiyo ndugu hawa wawili waliingia darasa la kwanza siku moja, wameshikana mikono. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho marehemu kutembea sambamba na mdogo wake bila kuangalia ni nani aliye mbele.

Julai 1974 walifanya pamoja mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule mmoja wa nchi nzima. Matokeo yalisomwa redioni tarehe 7 Agosti, jina kwa jina, vyuo vya taifa kwanza na vya binafsi baadaye, na hakuna aliyeuliza kwa nini mpangilio uwe huo. Mzee Tian-fu alikuwa amenunua mikanda miwili ya fataki nyekundu, akaitundika kwenye misumari miwili juu ya mlango. Jina la Kun-shan lilipotajwa, uhandisi wa ujenzi, chuo cha taifa, Tainan, mzee aliuwasha mkanda wa kwanza kwa kijiti cha ubani. Mtaa mzima ulitoka nje. Fataki zilipasuka mfululizo, redio isisikike, na marehemu alisimama katikati ya moshi akiamini kwamba jina lake nalo limetajwa humo humo ndani ya kelele. Aliamini hivyo kwa saa moja na nusu. Ndipo likasomwa: uhandisi wa maji, Chuo Kikuu cha Wenhe, Taichung. Binafsi. Alikuwa amepungukiwa alama mbili na nusu.

"Baba Kun-tse, na huu wa pili?" mama aliuliza.

Mzee alikuwa ameshaushika mkononi. Aliutazama mtaa, ambao bado ulikuwa nje ukimtazama, kisha akatazama juu, ambako hapakuwa na wingu hata moja.

"Tuuweke kwanza," alisema. "Mvua inakuja."

Marehemu aliuteremsha mwenyewe, akaufunga kwenye gazeti, akauweka ndani ya kopo la biskuti. Alihama nao maisha yake yote: bwenini, jeshini, na katika nyumba tatu za kupanga. Hakuwahi kumlaumu baba yake. Lawama zote alizipeleka Tainan.

Miaka yake minne pale Wenhe aliisoma kwa bidii ya mtu anayetazamwa, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Ada ya muhula wake mmoja ingemsomesha mdogo wake mihula mitatu. Darasani walikuwa wanafunzi sabini na mbili kwenye viti vilivyoandikwa namba, na mahudhurio yaliitwa kila kipindi, hata na mwalimu wa michezo. Marehemu hakukosa kipindi hata kimoja. Kun-shan, kwa kukiri kwake mwenyewe, alilala karibu asubuhi zote za mwaka wa pili, na taifa halikumwamsha. Katika likizo ya 1976 marehemu alikwenda Tainan kumtembelea, na mdogo wake akamkuta anakwenda na kurudi kwenye uwanja wa majani, midomo ikimchezacheza.

"Kaka, umepoteza kitu?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Serikali inavyowapenda." Akamaliza hatua zake. "Mia nne na kumi na mbili. Sisi kwetu hatua ya sitini unagonga ukuta wa duka la pikipiki."

"Basi njoo ulale kwenye majani, bwana, ni bure."

"Ndiyo kinachoniuma. Ni bure."

Alihitimu Juni 1978, akiwa wa tatu katika darasa lake. Baba alikuja kwenye mahafali akiwa na koti la kuazima, akala tambi, akasifu jengo. Kopo la biskuti lilikuwa chini ya kitanda. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze kulitaja, na basi la jioni halikusubiri mtu.

Baada ya jeshi la lazima, mwaka 1980, aliajiriwa katika kiwanda cha pampu za maji mjini Erlin, akakitumikia miaka thelathini na tano. Mashamba mengi ya mpunga upande huu yanameza maji kwa makoo aliyoyachora yeye. Kun-shan aliingia ofisi ya ujenzi ya serikali, akapewa meza, dirisha na pensheni. Siku moja ya mwaka 1981 mpiga chapa wa Erlin alimtengenezea marehemu kadi za kazi, na kwa mazoea ya mkono, kwa kuwa waliokuwa wakiandika chuo chao kwenye kadi karibu wote walikuwa wa vyuo vya taifa, akaandika: Chuo Kikuu cha Taifa cha Wenhe. Kitu hicho hakipo duniani. Marehemu aliliona kosa palepale, akasema atazirudisha Jumatatu. Jumatatu zilipita thelathini na kitu. Alizigawa kwa wateja wa mbali tu, wa Taitung na visiwani Penghu, mpaka mkulima mmoja wa Penghu aliposoma kadi yake akang'aa uso.

"Ndugu mhandisi, kumbe Wenhe imekuwa ya taifa? Kijana wangu yuko pale mwaka wa pili! Ada inashuka lini?"

Zilizobaki alizichoma mwezi wa saba, mwezi wa mizimu, pamoja na pesa za karatasi wanazochomewa wafu, ili angalau wahenga wazisome.

Tarehe 20 Novemba 1983 alimwoa Tsai Yueh-chiao wa Beigang, binti wa mtengeneza tambi. Mshenga alikuwa amesema kijana ana shahada. Baba mkwe akauliza kama ni ya taifa, mshenga akajibu ni ya Taichung. Yueh-chiao aliingilia huku akimimina chai.

"Mimi nimeishia shule ya kati ya Beigang, ya serikali," alisema. "Kwa hiyo humu ndani wa taifa ni mimi. Huyu mniachie, awe wangu binafsi."

Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina. "Binafsi, chakula tayari." "Binafsi, shusha sauti ya televisheni." Marehemu alisema hapo ndipo neno hilo lilipoacha kumkereketa, lakini ndani ya nyumba tu.

Walijaliwa watoto wawili. Mwaka 2004 Pei-chen alipochaguliwa kujiunga na chuo cha taifa huko Taipei, marehemu alisema hongera, akatoka akaosha pikipiki iliyokuwa safi. Kisha akanunua mkanda mpya wa fataki, akaulipua mlangoni kwa mkono wake, akalia, kwa sababu ya moshi, kama alivyosema mwenyewe. Binti alimuuliza kwa nini asiulipue na ule wa kwenye kopo.

"Mvua inakuja," alijibu.

Mwezi Oktoba 2024 madaktari walikuta uvimbe kwenye ini. Kun-shan alimtafutia kitanda katika hospitali ya chuo chake cha zamani. Marehemu aliuliza ni ya nani, akaambiwa, akachagua ile ya binafsi iliyo karibu na soko. "Nimeishi huku," alisema, "nitafia huku huku." Mdogo wake akawa anasafiri kila Jumamosi kutoka Tainan akiwa na supu ya kuku na mafuta ya ufuta. Jumamosi ya tarehe 8 Februari marehemu alionja, akasema haifikii ya mama.

"Ningejuaje ya mama?" Kun-shan alisema, sauti yake nzuri ikipanda. "Ilikuwa inakwenda Taichung. Miaka minne, kaka, kila alipopata nafasi mama alipanda basi na sufuria mapajani kwa ajili yako. Kwangu hakuja hata mara moja. Nikimuuliza, ananiambia: wewe taifa linakulisha. Mara thelathini na moja! Nilikuwa naandika kwenye kalenda. Nilikuwa nimelala pale kwenye majani yako ya hatua mia nne, nawaza supu."

Marehemu alimgeukia. Yueh-chiao, aliyekuwepo, anasema hakuwahi kumwona akiwa na uso mzuri hivyo, hata siku ya harusi.

"Thelathini na mbili," marehemu alisema. "Moja imekupita."

Kisha alicheka mpaka muuguzi akaja kurudisha sindano ya dripu mahali pake. Aliimaliza supu yote. Aliagiza kopo la biskuti liletwe, akamkabidhi mdogo wake akamwambia la kufanya, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akafariki akiwa usingizini. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mjane, Tsai Yueh-chiao, binti, Pei-chen, pamoja na mumewe; mtoto wa kiume, Pei-hung, aliyesoma chuo binafsi kwa hiari yake na hajaeleweka hadi leo; wajukuu wawili; na mdogo wake, Kun-shan, aliyesimama pale mlangoni na kijiti cha ubani, kwa mara ya kwanza akisubiri jina la kaka yake litajwe kwanza.

Lai Kun-tse. Uhandisi wa maji. Chuo Kikuu cha Wenhe, Taichung.

Wageni wanaombwa kusogea nyuma hatua chache. Mkanda huu una zaidi ya miaka hamsini, na huenda fataki zake nyingi zisilie. Tutasubiri mpaka ya mwisho. Mvua haiji.

Apumzike kwa amani, pasipo kitu cha kupima.