Viganja vya Shangazi Polepole

Leo ni Ijumaa, tarehe 30 Juni. Nimeombwa kuandika wasifu huu, na naahidi kusema yote, hata lile la ua.

Shangazi Polepole anastaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya dawa za mifupa. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba, na ni mwenzake wa kazi kwa miezi minane: yeye huleta dawa, mimi huleta mfupa.

Alianza kama mfagizi. Siku moja alikuta chupa ya maji mezani, akamwagilia ua la dirishani. Hayakuwa maji. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu: chembe zilizobeba dawa, ndogo mno hata jicho halizioni. Hakuna aliyemwona, angeweza kunyamaza. Alikwenda mwenyewe kwa daktari mkuu akasema, "Nimelinywesha ua dawa yenu." Daktari akamjibu, "Kesho uje bila ufagio." Alidhani amefukuzwa kazi. Kumbe ameandikishwa masomoni. Ua lipo hadi leo, na halijawahi kuugua mifupa.

Akawa fundi wa maabara. Ndiye aliyegundua kwamba chupa ikitikiswa, chembe hushikana madonge na dawa haifiki inakotakiwa. Lazima ivingirishwe kati ya viganja, mara mia mbili, polepole. Madaktari walimpa jina hilo kwa kumcheka. Sasa wanalitaja kwa adabu. Iliwahi kununuliwa mashine ya kuvingirisha. Ilikuwa mashine nzuri, ila nayo ilikuwa na haraka. Siku hizi ua limewekwa juu yake.

Mfupa wa mguu wangu wa kushoto ulikuwa na usaha kwa miaka miwili. Dawa za kawaida zilizunguka mwili mzima, zikanitapisha, mfupa zikaupita. Chembe za Shangazi hunata kwenye mfupa na kuachia dawa hapohapo, kidogokidogo. Jumanne nilipanda ngazi za shule bila mkongojo. Mama alilia. Shangazi aliposikia, alitazama kalenda yake ukutani akasema, "Bado sindano mbili, mwanangu. Usianze kuringa."

Shangazi, asante kwa viganja vyako. Tunakuombea mapumziko marefu, chai isiyopoa, na chupa ambazo ndani yake mna maji tu.

Nina swali moja, na nimeacha nafasi hapa chini ili nijibiwe kwa karatasi hii hii. Sindano yangu ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nani atavingirisha?