Mwalimu Aliyewauliza Waliocheka

Ijumaa hii, tarehe 5 Julai 2024, Mwalimu Mukamazimpaka Véronique anastaafu katika shule yetu ya msingi hapa Kamembe, baada ya miaka ishirini na saba kasoro miezi miwili. Alifika Septemba 1997 akitokea Nyakabuye, akiwa na begi moja, mwavuli mmoja, na sauti ambayo, tuseme ukweli mbele ya Mungu, haijawahi kushika wimbo hata mmoja. Kwaya ya walimu ilimvumilia miezi mitatu, kisha ikampa kazi ya kugawa karatasi.

Mimi ni Nasiba, mwalimu wa darasa la sita. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema Mwalimu Mkuu Bizimana, ninaongea sana, basi kwa mara moja niongee jambo la maana. Maman Véro, maana ndivyo shule nzima inavyomwita, ameomba mwenyewe uandikwe kwa Kiswahili, ili familia zilizotoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na sisi Waswahili wa Kamembe tuusome pamoja bila mtu kututafsiria. Ombi lake la pili lilikuwa nisimsifu sana. Hilo nimelikataa.

Wiki yake ya kwanza hapa, wenzake walidhani wameletewa mtu asiye na akili timamu. Aliibeba meza yake kutoka chumba cha walimu, akaiweka nje, kati ya bomba la maji na njia ya vyooni. Pale ndipo alipokaa kila mapumziko, akisahihisha madaftari. Na mvua ya huku kwetu Rusizi mnaijua, haina adabu. Ikija, alifungua mwavuli akaendelea kuweka vema na kosa. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwita kumuuliza anatafuta nini kule na harufu yote ile, naye akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: “Batoto habapigane fasi mwalimu iko. Banapigana fasi haiko. Njo maana ninahamia kule.”

Yaani, watoto hupigana mahali ambapo mwalimu hayupo, na ilikuwa kweli. Kabla ya hapo, mtoto mdogo akienda kunywa maji alisukumwa nyuma ya mstari hadi kengele ikalia, akarudi darasani na kiu yake. Wasichana wengine walijizuia haja asubuhi nzima kwa kuogopa njia ya vyooni. Walimu walikuwa ndani wanakunywa chai na kusifiana kwamba shule yao ina utulivu. Utulivu gani, jamani! Ndani ya muhula mmoja wa meza ile, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakunywa maji wanavyotaka. Fundi Bahizire, mumewe, ameitengeneza ile meza mara nne, na kila mara anaapa kuwa ni ya mwisho.

Kuna kioja kimoja nisipokitaja watoto hawatanisamehe. Shule yetu iko karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikishuka kila mtu huinua kichwa, hata Mwalimu Mkuu. Maman Véro aligundua mapema kwamba dakika ile, macho yote yakiwa juu, ndiyo dakika ya kufinyana, kuvutana nywele na kunyang'anyana mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo yeye huangalia chini. Miaka ishirini na saba kando ya uwanja wa ndege, na mama huyu anasema hajaona hata ndege moja ikitua. Mumewe amemwahidi kumpeleka Jumatatu akae kwenye uzio atazame mpaka achoke.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyingine, na mpaka leo nikiifikiria nabaki mdomo wazi. Mtoto akidhihakiwa, sisi wengine tulimkamata aliyedhihaki, tukampa adhabu, yakaisha. Kesho yake aliyedhihakiwa alilipizwa maradufu. Maman Véro hakuanza na aliyedhihaki. Aliwaita waliocheka. Aliwakalisha mezani mmoja mmoja, akavua miwani, akasema kwa upole kabisa: “Nielezee, na mie nicheke.”

Wee! Jaribuni mwone. Mtoto anaanza, “Nilicheka kwa sababu Buhendwa anatamka maneno kama…” halafu anakwama. Maman Véro anangoja. Hakasiriki, hamsaidii. “Kama nini? Sema, ninapenda kucheka.” Mtoto anatazama viatu vyake. Sijaona hata mmoja aliyefika mwisho wa maelezo. Wengi walitoka pale wakaenda wenyewe kumtafuta waliyemcheka, bila kutumwa. Na yule mwenye mdomo mrefu, alipokosa watu wa kumchekea, mdomo ulifupika wenyewe. Walimu wa shule tatu za jirani wamekuja kuona anavyofanya, nao wakatoka wakitikisa vichwa, maana hakuna chombo, hakuna kitabu, ni mama mmoja tu na swali moja.

Sasa nifike kwenye sababu hasa ya mimi kuandika. Walimu wenzangu wa zamani wanaijua, wazazi wengi hawaijui. Nimempigia simu mwenyewe anayehusika kuomba ruhusa, akasema andika, ila uandike jina langu lote. Basi nimeandika.

Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu, mwaka wangu wa pili kazini, kijana, mchangamfu, ninayependwa na darasa kwa sababu nilijua kuchekesha. Mwezi wa saba aliletwa kwangu msichana kutoka Bweyeye, kule kando ya msitu wa Nyungwe, aje akae kwa shangazi yake amalizie darasa la sita na kufanya mtihani wa taifa. Jina lake Mukabalisa Odette. Asubuhi yake ya tatu alichelewa kidogo. Nilikuwa ninaita majina. Nikamtazama pale mlangoni nikasema, mbele ya watoto hamsini na mmoja: “Karibu, mtu wa msituni. Nyani wamekuruhusu kupita?”

Darasa lilivunjika mbavu. Nami nikacheka. Nilijiona hodari.

Kuanzia siku ile, Odette akipita, watoto walijikuna makwapa. Akienda ubaoni, mtu alitoa mlio huko nyuma. Nilisikia, nikajifanya sikusikia, kwa sababu mzaha ulikuwa wangu na nilipenda kuona unaishi. Alivumilia wiki tatu. Kisha kiti chake kikawa kitupu, nami nikaandika “hayupo” kwa kalamu nyekundu siku ya kwanza, ya pili, hadi ya sita, bila kuuliza mtu yeyote. Shangazi yake ndiye aliyekuja kumwambia Maman Véro kwamba mtoto amerudi kwao kwa miguu, na ameapa kuwa habari ya shule imekwisha.

Ilikuwa Ijumaa, walimu wote tupo chumbani tunakunywa chai. Maman Véro aliingia, akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akavua miwani. Nilijua kabla hajafungua mdomo. “Nasiba, mwanangu. Nielezee ule mzaha wa nyani, na mie nicheke.”

Nilianza. Wallahi nilianza. Nikasema kwamba Bweyeye iko msituni, na msituni kuna… Nikakwama palepale watoto wote hukwama. Walimu kumi na wanne wananitazama, hakuna anayegusa kikombe. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na ninaomba nisiione tena. Maman Véro alivaa miwani yake, akasema: “Kesho ni Jumamosi. Vaa viatu vya kutembea.”

Basi dogo lilitushusha kwenye njia panda ndani ya msitu asubuhi na mapema. Kutoka pale ni miguu, isipokuwa kipande kidogo tulichobebwa na lori la mbao. Njia ilikuwa tope, mwinuko, mteremko, tena tope. Nyani walikuwepo kweli, wamekaa kando ya njia wanatutazama, na Maman Véro hakusema neno juu yao, jambo lililoniumiza kuliko kama angesema. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilipumzika mara nyingi kuliko yeye. Tukafika jioni, jua bado lipo.

Baba yake Odette, Mzee Ndayisaba, alipoambiwa tu walimu kutoka Kamembe, alishika kichwa akauliza mtoto wake ameiba nini. Hakuwahi kuona mwalimu akifuata mtoto mpaka Bweyeye, hivyo hakuweza kuwaza sababu nyingine. Jembe jipya la Odette lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alishagawiwa kipande chake cha shamba. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili na nusu. Asiporudi, basi, ndiyo imekwisha, na wote pale tulijua hivyo.

Nilimtazama Maman Véro aanze. Akapokea kiazi cha moto kutoka kwa mama mwenye nyumba, akaanza kukimenya taratibu, akili yote kwenye kiazi. Nikaelewa kuwa nimekuja kusema mwenyewe. Basi nikapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitatu, nikamwambia kwamba nilimkosea, kwamba hakufanya lolote baya, kwamba ubaya ulikuwa wangu. Mzee Ndayisaba aliinuka akitaka kuniinua, akisema haifai, mwalimu hawezi kumpigia mtoto magoti. Maman Véro akamzuia kwa mkono. Odette alinisikiliza hadi mwisho, akaondoka, akaenda nyuma ya nyumba. Jumapili asubuhi tuliondoka bila yeye.

Njiani nililia, nikasema tumeshindwa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mwalimu mwingine, na ambalo leo amenikubalia nilitaje. Zamani, alipokuwa kijana akifundisha Nyakabuye, alikuwa na mwanafunzi aitwaye Muhigirwa, mwenye kaptura ya viraka vya rangi tatu. Siku moja watoto walimwita bendera, na yeye, mwalimu, akacheka. Alicheka tu, hakusema neno. Muhigirwa hakurudi tena. Maman Véro alikaa mwezi mzima ndipo akaenda kuuliza, akakuta familia imeshahamia Bukavu. Aliulizia sokoni, bandarini, kanisani, miaka miwili. Hakumpata. “Mie nilienda nimechelewa,” akasema. “Weye umeenda kabla ya siku kumi. Usiseme tumeshindwa.”

Halafu akanipa kazi. Kila asubuhi niite jina la Mukabalisa Odette, jina lote, mahali pake kwenye orodha, kisha ninyamaze kwa muda ule ule ninaompa mtoto aliyepo. Nisiandike “hayupo” kabla ya kungoja. Na kwanza kabisa nilieleze darasa nilichofanya.

Jumatatu nililieleza darasa. Nikaita jina. Nikangoja. Mtoto mmoja nyuma alianza kujikuna, jirani yake akamkamata mkono akaushusha. Jumanne nikaita. Jumatano nikaita. Wiki ya pili, nikifika kwenye jina lile, watoto wenyewe walikuwa wanageuka wote kutazama mlango. Kila siku Maman Véro alipita dirishani kwangu akielekea kwenye meza yake. Nilianza kuamini kwamba nitaliita jina lile hadi Oktoba, hadi mtihani upite, na baada ya hapo nitaishi nalo kama yeye anavyoishi na la Muhigirwa.

Asubuhi ya tisa, Alhamisi, nikaita: Mukabalisa Odette. Nikangoja. Na mlangoni, kwa Kiswahili cha Kamembe alichojifunza kwa wiki tatu tu, wiki zile tatu tulizomfanyia vile, mtu akasema: “Niko.”

Miguu imejaa tope hadi magotini. Baba yake amesimama nyuma, amebeba begi. Hakuna mtoto aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Watoto hamsini na mmoja walisogea kwenye madawati, kila dawati likijaribu kumpa nafasi. Mimi nilitaka kuita jina linalofuata. Nilitazama orodha, sioni herufi. Odette alifika mahali pake, akakaa, akaniambia taratibu: “Endelea, mwalimu. Benzangu banangoja.”

Nikaendelea, Maman Véro. Mwaka huu ni wa kumi na tisa ninaendelea, na sijawahi tena kuita mtoto kwa kitu kingine zaidi ya jina lake. Wazazi mliokaa hapa, kama mwanao anakunywa maji bila kuogopa na anarudi nyumbani na jina alilopewa na nyinyi, mjue ni nani aliyelipigania. Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na wazazi wote, asante, asante sana. Nenda kapumzike na Fundi Bahizire, ule ukiwa umekaa, ulale hadi jua litoke, na Mungu akupe miaka mirefu yenye afya na amani tele.