Kufungua Kibanda cha Kituo cha Juu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mbio za Usiku, Ndugu wajumbe wa kamati, Ndugu wageni waalikwa, wakimbiaji wenzangu, na ninyi mafundi mliokuwa mnapigilia misumari ya mwisho asubuhi hii huku sisi tunapanga viti:

Naanza kwa kuomba radhi. Katibu aliniomba niandike maneno haya muda mrefu uliopita, akanikumbusha, akanikumbusha tena, mwisho akaacha kunikumbusha akawa ananitazama tu. Si kwamba sikutaka. Kila nikikaa na kalamu, mtoto anaamka. Akilala, mimi nimeshalala kabla yake. Nimemalizia jana, yeye akiwa ameulalia mkono wangu wa kulia, kwa hiyo mkiona nasita mahali, mjue nasoma mwandiko wa mkono wa kushoto.

Nimeambiwa nieleze kwa nini kibanda hiki kimejengwa. Wengi wenu mnajua kipande cha habari, na kila mtu anakisimulia anavyotaka, hata nimesikia kwamba nilijifungua huku huku juu. Sikujifungua. Nilikuja kukimbia.

Sisi ni marafiki wa mtaa mmoja. Mnamfahamu msusi, ambaye saluni yake ndiyo ofisi ya timu, na fundi magari tunayemwita Pancha, ambaye hakimbii ila anatuendesha. Mwaka jana tulijiandikisha kwa mara ya kwanza. Kwa wageni ambao hawajawahi kuziona mbio hizi: zinaanza jua likizama na zinaisha likichomoza. Mmoja anapanda na kijiti mpaka kituoni, mwenzake anakipokea na kuendelea, hivyo hivyo mpaka upande wa pili wa mlima. Anayesubiri kupokea hukaa ndani ya kamba iliyozungushwa kituoni. Akitoka kabla kijiti hakijafika, timu yake imefutwa. Ni kanuni nzuri. Bila hiyo watu wangekwenda kulala kwenye magari.

Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Nilimwacha na wifi yangu garini, kule chini darajani, maana magari hayafiki hapa. Nilimnyonyesha akashiba, nikapanda, nikaingia ndani ya kamba kumsubiri msusi. Tulipanga kwamba msusi atafika, nitakimbia sehemu yangu, na gari litanikuta upande wa pili mtoto ndiyo kwanza anaanza kudai haki yake. Mpango haukuwa na kasoro. Ukungu ukashuka.

Mliokuwepo mnaukumbuka ule ukungu. Wakimbiaji walikuwa wanatembea wakipapasa mawe. Kila tochi ikitokea tunasema huyo anakuja, kumbe siye. Simu yangu ikalia.

"Wifi, huyu chupa haitaki. Anaitazama kama nimempa dawa ya minyoo."

"Mbembeleze."

"Nimembembeleza. Pancha naye kamwimbia. Ndiyo kazidi kulia."

Nikamwendea mzee aliyekuwa anasimamia kamba.

"Baba, naomba nishuke mara moja. Mtoto analia."

"Ukitoka umetoka, mama."

"Hata kwa kunyonyesha?"

"Kitabu cha kanuni hakitaji kunyonyesha."

"Basi kiliandikwa na watu wasio na maziwa."

Waliokuwa kwenye kamba walicheka. Yeye hakucheka. Alisema kwa upole kabisa, "Sikukiandika mimi. Nimepewa tu kukisimamia."

Nilingoja kidogo. Kifua kilikuwa kimejaa mpaka fulana imelowa. Mliowahi kunyonyesha hamhitaji maelezo. Ambao hamjawahi, maelezo hayatawasaidia. Nikavuka kamba, nikashuka.

Kumbe na wifi kule chini amechoka kusubiri. Kambeba mtoto mgongoni, kamfunika koti la Pancha, anapanda kuniletea. Mimi nimepita njia ya ngazi, yeye kapita njia ya mzunguko. Nafika darajani, namkuta Pancha peke yake anafuta kioo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si kaletwa kwako?"

"Kwangu wapi?"

"Juu! Sasa wewe umeshuka kufanya nini?"

Sitaeleza nilivyopanda kurudi. Nilipofika, wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha msimamizi, kiti pekee kilichokuwepo. Mwanangu alikuwa ndani ya koti la yule mzee, kichwa tu kiko nje, amekamata kidole chake anakinyonya kwa hasira. Msusi alikuwa ameshafika, amesimama na kijiti mkononi, hana wa kumpa. Mzee akaniona. Kwa mkono mmoja akanikabidhi mtoto, kwa mwingine akachukua kalamu, akaifuta timu yetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mzee huyo ulikuwa wewe, kabla hujapewa kiti unachokalia leo. Nimeifikiria ile mikono yako miwili mwaka mzima, na sijaona hata mmoja uliokosea. Ulimpa joto mtoto usiyemjua, na ukaziheshimu timu zilizokuwa zimekaa ndani ya kamba zikitetemeka. Nilinyonyesha pale pale, wifi akinikinga upepo kwa mwamvuli, kisha nikapokea kijiti, na timu ikakimbia mpaka mwisho bila namba wala nafasi. Msusi alininunia siku kadhaa. Alipochoka kununa akanisuka bure, na kwake hiyo ndiyo samahani.

Ulipopata uenyekiti, jambo la kwanza ulilofanya ni kujenga kibanda hiki. Mbao zimepigwa randa vizuri, paa halivuji, na dirisha linatazama njia, ili mama akiwa ndani aione tochi ya mwenzake inapokuja. Nani alifikiria dirisha? Nimeuliza mafundi, wakasema ni wewe uliyewasimamia mpaka likakaa upande huo. Kwa hilo, wakimbiaji wote wenye watoto wanakushukuru kupitia mimi.

Lakini wangu ameshaacha kunyonya. Siku hizi anakula mkate, na anauma. Anayenyonyesha mwaka huu ni msusi. Yuko pale nyuma, ndiye huyo anayesimama kila kichanga kikilia. Amefanya mazoezi tangu daktari alipomruhusu, na bila yeye timu yetu haitimii. Jana tulikuja wawili kukitazama kibanda, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Shoga, kamba inapita wapi?"

Tukaifuata. Inapita hapa mbele ya mlango. Kibanda kiko nje.

"Kwa hiyo nikiingia kunyonyesha?"

"Utakuwa umetoka."

"Sasa hiki tunakifungua cha nini?"

Nikamwahidi nitaliuliza swali hilo leo mbele ya watu. Ndugu wajumbe, mnataka achague kama nilivyochagua mimi? Atachagua vile vile, ninyi mtamfuta, na kwa kitabu chenu mtakuwa sahihi. Kwa nini tungoje jambo ambalo mwisho wake tunaujua? Siombi kanuni ivunjwe kwa ajili ya akina mama. Anayesubiri akae ndani ya kamba, kama wengine wote. Naomba kamba isogezwe. Mafundi wameniambia nguzo zake ni za kuchomeka tu.

Mkasi wa kukatia utepe mlinipa mimi. Nimempa msusi, naye amesema atakata akiwa ndani ya kamba.

Nawashukuru kwa uvumilivu wenu, hasa mliokosa viti. Kabla ya siku ya mbio, kibanda bado kinahitaji kuletewa haya: mkeka mnene, kwa kuwa sakafu ni baridi, mablanketi mawili yasiyotoa manyoya, maana watoto huyala, taa ndogo isiyopiga machoni, ndoo yenye mfuniko, komeo la ndani, kwa sababu lililopo linafungia nje, na kamba ndefu, ianzie kwenye nguzo ile ya kwanza, izunguke nyuma ya kibanda, irudi mpaka hapa niliposimama.