Ambroise Charette, Aliyeuma Kila Kigingi

Ndugu na majirani mliofika kumsindikiza, aliyelala mbele yenu ni Ambroise Charette wa hapa kijijini Wachask, mtengeneza nanga za mitego. Haya yameandikwa na binti yake Delphine kwa agizo la mama yake, Philomène. Mama ametaka lisifichwe jambo hata moja. Lililo zito kuliko yote amelisema mwenyewe, meza ikiwa katikati yake na binti, na akasimamia hadi likaandikwa kama alivyolitamka. Wazee mtakaochoka kusimama kwenye theluji, mabenchi yapo ukutani mwa kanisa.

Ambroise alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1954, katika kibanda cha mawindo cha wazazi wake kwenye mkono wa kaskazini wa mto. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Baptiste na Marguerite Charette. Wa kwanza alikuwa Gabriel, aliyemzidi miaka minne. Baba yao alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1963, na tangu hapo Gabriel ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba, akiwa na miaka kumi na mitatu na viatu vya marehemu vilivyojazwa matambara mbele.

Mwaka 1961 Ambroise alichukuliwa kupelekwa shule ya bweni ya misheni, kusini, akakaa huko miaka sita. Alirudi akijua kusoma, kuandika na kuzidisha, na akiwa na tabia ya kuficha kipande cha mkate chini ya mto wa kulalia. Tabia hiyo hakuiacha hadi uzeeni. Mengine ya shule ile hakuwahi kuyasimulia, na sisi tulijifunza kutomuuliza.

Kilichomlisha maisha yake yote alifundishwa na Gabriel. Wengi mliopo mnakijua kuliko mwandishi wa karatasi hii, lakini wajukuu waliotoka mjini nao wasikie. Biva, yule mnyama wa mtoni anayetafuna miti, akinaswa hukimbilia maji ya kina. Kwa hiyo unapiga kigingi ukingoni, unafunga waya, na ncha ya pili ya waya unaizamisha kilindini na kiroba cha mawe. Mnyororo wa mtego unaushika waya kwa kibanio cha chuma kinachoteremka tu, hakipandi. Mnyama akipiga mbizi kibanio humfuata, na kule chini hufa upesi. Waya, kiroba na kibanio kwa pamoja ndiyo nanga; ikikosewa, mnyama hubaki hai kwenye maji mafupi, akajitafuna mguu mwenyewe. Na kigingi sharti kiwe cha mti mkavu, uliokufa zamani. Mti mbichi kwa biva ni chakula. Atakitafuna kigingi chako, aondoke na waya, mtego na kila kitu.

Tarehe 16 Machi 1971 Gabriel alizama chini ya barafu kwenye mkono wa kaskazini. Alikuwa na miaka ishirini. Ambroise, aliyekuwa naye, alirudi kijijini na kofia yake tu. Alieleza kwamba Gabriel aliamua kukatiza mto mahali alipokatazwa, ili awahi nyumbani. Kijiji kilimwamini. Kwa miaka arobaini na minane, mzazi wa hapa akitaka kumtisha mtoto anayechezea barafu husema, "Utakufa kizembe kama Gabriel." Hata Delphine ameyasema hayo kwa wanawe.

Mwili haukupatikana. Bibi Marguerite alitembea ukingoni na ndoana hadi Juni, kisha akasimamisha msalaba, ule pale kushoto kwenu, ambao chini yake hamna kitu. Kila siku mezani alimwekea Gabriel sahani. Watu walimsihi aache. Akawajibu, "Sijamzika. Nitamnyimaje chakula?" Aliiweka miaka kumi na tisa, hadi alipofariki mwaka 1990. Ambroise alikaa mbele ya sahani ile kila alipokula kwa mama yake.

Baada ya kifo cha Gabriel, Ambroise aliacha kuzungumza kwa karibu mwaka mzima, akawa anatengeneza nanga. Alikata vibanio kutoka fremu za vitanda vya chuma na milango ya majiko mabovu. Alishona viroba kwa uzi wa nyavu. Watu walikuja kutoka vijiji vinne, maana nanga ya Ambroise haikurudi nyuma wala haikukatika. Lakini hakumpa mtu nanga kabla ya kukiona kigingi chake, na kukiona kwake kulikuwa ni kukiuma. Alikitia katikati ya meno, akakitafuna kidogo, akatema. Akionja utomvu alikivunja gotini. Vijana walimcheka: "Mzee Charette, umeshakuwa biva wewe. Tukutegee lini?" Naye alijibu, "Kata mti mkavu kwanza, ndipo unitegee." Tulicheka wote. Hakuna aliyejua kwa nini mtu mzima anauma miti.

Alimwoa Philomène Dorion Jumamosi, tarehe 21 Julai 1979, katika kanisa hili. Siku hiyo upepo ulivuma hadi ukabeba paa la jiko la misheni, lakini hema la harusi halikutikisika, kwa sababu bwana harusi aliamka alfajiri akalifunga kwa nanga kumi na mbili za biva. Noel, kaka yake bibi harusi, alisimama na bakuli lake la supu akasema, "Dada, pole. Huyu shemeji akifunga kitu hakifunguki." Philomène akamwambia anyamaze ale. Walijaliwa watoto wawili, Delphine na Baptiste, na waliishi miaka thelathini na tisa na karibu miezi minane wakigombana kuhusu matope sakafuni na takriban hakuna kingine.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2015. Ilikuwa sukari, kisha macho, kisha vidole, ambavyo baridi ilivitia ganzi hadi akawa haoni tofauti ya kushika koleo na kushika hewa. Daktari wa mjini alimkataza barafu kabisa. Alikubali nusu: akabakiza mitego mitano tu, yote kwenye mkono wa kaskazini. Msimu uliopita hakuweza tena kufunga pini za vibanio. Alizishikilia, na Philomène akazifunga kwa koleo, kibanio baada ya kibanio, mezani, wakinywa chai. Wala hakumsemesha kuhusu hilo, kwa sababu aliona jinsi lilivyomuuma.

Jumanne ya tarehe 12 Machi mwaka huu ilifika habari kwamba bwawa la juu limefungwa na maji yameshuka. Sote tunajua maana yake. Barafu inabaki juu yenye uvungu, na maji yaliyokuwa ya kina yanakuwa ya magotini. Ambroise alivaa makoti yake. Yaliyofuata ndiyo aliyoagiza mama yasomwe.

Philomène alisema, "Vua hayo makoti. Huoni hata mlango ulipo, utaiona barafu?"

"Maji yameshuka, mama Delphine. Kama kuna mnyama, yuko hai pale."

"Na afe anavyojua. Wewe una wajukuu."

"Siwezi kumwacha."

"Biva! Unaniacha mimi kwa ajili ya biva?"

Akaketi. Akavua glavu. Akasema, "Kigingi kilichomuua Gabriel nilikipiga mimi. Kilikuwa kibichi."

Akamweleza yote bila kusimama. Kwamba alikuwa na miaka kumi na sita, amechoka, na miti mikavu ilikuwa ng'ambo. Kwamba alikata mti mbichi, akaumenya magome akidhani yatosha. Biva alikitafuna, akauburuta mtego na waya chini ya barafu, na Gabriel alipouona waya ukining'inia alisema, "Ngoja niuvute, mama asijue." Akaenda juu ya barafu yenye uvungu. Ambroise alisikia barafu ikipasuka, akakimbia, akakuta kofia. Kabla ya kwenda kuita watu alikichoma kile kisiki cha kigingi, kisha akatunga habari ya kukatiza mto. "Mama aliniuliza mpaka anakufa," alisema, "kwa nini mwanawe alikuwa mzembe. Nami nikala chakula chake."

Philomène alikuwa ameishi na mtu huyu karibu miaka arobaini, akiosha mito ya kulalia yenye makombo ya mkate, akifunga vibanio, na hakuambiwa. Anasema hasira ilimjaa hadi masikioni. Akamwambia, "Basi nenda. Nenda kamtafute ndugu yako."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mumewe. Ametaka myajue ninyi, ili asiyabebe kama mumewe alivyobeba yake. Ambroise alimaliza chai, akaosha kikombe, akatoka saa tatu asubuhi.

Saa sita dhoruba ikaanguka. Haikuonekana pua mbele ya uso kwa siku mbili. Waliokuja kutafuta kwa ndege walirudi, wakasema huenda tukangoja hadi barafu iyeyuke, mwezi Mei, labda Juni. Philomène aliposikia neno Juni alishuka sakafuni pale alipokuwa, na haikuwezekana kumwinua. Alikuwa akisema jambo moja tu: "Sitaweza kama Marguerite. Mimi sitaweza." Jumanne alikuwa amemwekea Ambroise sahani ya chakula cha mchana. Jumatano akaiweka. Alhamisi akaiweka, na Delphine akatoka nje akalie huko.

Ijumaa asubuhi, tarehe 15, kulikucha shwari. Noel na vijana wawili walikwenda kufukua vigingi, kimoja kimoja. Kwenye kigingi cha nne waya ulikuwa mzito. Walivunja barafu, wakavuta. Ambroise alikuwa mwisho wa waya, juu ya kiroba chake cha mawe. Mnyororo wa mtego aliupitisha kwenye mkanda wa suruali na mkanda wa begani, na pini aliifunga na kuikunja mara mbili. Mtego wenyewe ulikuwa umefyatuliwa, mtupu.

Noel alikuja hadi mlangoni, hakuingia. Alisema, "Dada, tumempata. Alijifunga mwenyewe."

Philomène akamuuliza, "Kwenye kibanio?"

"Kwenye kibanio."

Alielewa, kama mnavyoelewa nyote mnaotega. Kibanio kinateremka tu. Aliyekifunga mwilini mwake alijua hatapanda tena, na alijua pia kwamba mkondo hautamchukua. Barafu ilikuwa imempasukia, ukingo haukushikika, na hakuwa na muda mwingi wa kuchagua. Kwa vidole ambavyo msimu mzima havikuweza kufunga pini hata moja mezani, aliifunga ile.

"Na kigingi?" Philomène aliuliza.

Noel alikuwa amekuja nacho. Ni hicho kilichopigwa kichwani mwa kaburi, karibu na msalaba. Ni kikavu, na alama za meno zipo, mtakaopita mziguse. Tunaomba mtu asiking'oe.

Familia inasema leo mbele ya wote: Gabriel Charette hakuwa mzembe. Alikwenda kumfichia mdogo wake kosa. Mwenye mtoto anayechezea barafu atafute maneno mengine.

Ambroise ametanguliwa na wazazi wake, Baptiste na Marguerite, na kaka yake Gabriel, ambaye bado yuko mtoni. Ameacha binti yake Delphine, mwanawe Baptiste, wajukuu watano, shemeji yake Noel, na mkewe Philomène, aliyemwekea sahani siku tatu. Ijumaa aliiosha, akaipangusa, akairudisha kabatini.

Mungu amlaze pakavu.