Mwenye Droo ya Kumi na Tisa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa ofisini mliokuja na shada la maua kubwa kama gurudumu la trekta: huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 11 Machi 1952, saa moja asubuhi, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe. Dada yake, aliyekuwa na miaka sita siku hiyo na ambaye hajasahau jambo lolote tangu hapo, anasema marehemu alichelewa kutoka siku mbili nzima, na alipotoka hakulia. Alikitazama tu chumba, kama mpangaji anayekagua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari hadi 1972. Kiingereza alikipata kwa njia isiyo ya kawaida. Mwalimu wa somo hilo alikuwa na desturi ya kumfungia darasani, wakati wenzake wakicheza, kila mwanafunzi aliyezidisha makosa matano. Marehemu alifungiwa mara moja, akakuta kamusi ya mwalimu mezani, akaisoma mpaka alipofunguliwa. Kesho yake alikosea sita kwa makusudi. Familia inaomba jambo hili likumbukwe, maana litahitajika huko mbele.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa, kwa miezi sita, na ofisi iliyokuwa ikiandaa kitabu kikubwa cha matumizi ya Kiingereza kwa ajili ya shule. Kila mfanyakazi alipewa neno lake na droo yake. Yeye alipewa droo ya kumi na tisa, neno "away", yaani mbali na hapa, tena si neno lote, bali pale tu linapokaa nyuma ya nomino ya umbali au ya muda: maili mbili "away", dakika kumi "away", wiki moja "away". Kazi yake ilikuwa kusoma magazeti, riwaya, barua za watu na matangazo ya dawa za meno, na kila alipolikuta neno hilo, kuinakili sentensi kwenye kadi nyeupe na kuipanga kwa herufi ya nomino iliyotangulia.

Sisi wapwa zake tulipokuwa wadogo tulimuuliza neno lenyewe likoje. Alisema: "Ni mkia. Halitangulii hata siku moja. Nomino inakwenda mbele na kipimo chake, lenyewe linakaa nyuma linatazama limeachwa kwa kiasi gani." Tulilionea huruma neno hilo. Tulikosea wa kumwonea huruma.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu mmoja mkali. Aliyefungua droo hakuhamishwa wala kupewa cheti cha utumishi mpaka Msomaji wa Pili aipitie na kuipitisha. Msomaji wa Pili alikaa ghorofa ya juu, na ilikatazwa kabisa aongee na mwenye droo, wasije wakaoneana haya. Yote waliyokuwa nayo ya kuambiana yaliandikwa kwenye kadi, na mama wa chai alizipandisha na kuzishusha juu ya sinia, pembeni ya sukari. Kadi ikishashuka ilipangwa kwanza ndani ya droo kwa herufi yake, isomwe baadaye, hata kama ni kadi ya kuuliza nani kachukua gundi.

Chumba cha marehemu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Mwaka 1987 kitasa cha upande wa ndani kiling'oka. Aliandika kadi kuomba fundi. Kadi ilipangwa. Tangu hapo alijifungulia mlango kwa mpini wa kijiko cha chai, na kila kijiko kilipopotea aligonga mpaka mama wa chai apite. "Nani huko?" mama wa chai aliuliza, akijua fika. "Ni mimi, mfungwa wako," alijibu, na wote wawili walicheka kama watu wenye jambo la kuchekesha.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Alikutana na mkewe wodi ya wazazi, alipompeleka dada yake kujifungua. Wakati dada analia, yeye alisimama ukutani akinakili tangazo la hospitali. Mkunga wa zamu akamjia.

"Wewe ni baba mtoto au mkaguzi?"

"Mjomba mtu."

"Basi mjomba mtu, kaandikie nje."

Akatoka, akangoja pale nje mpaka zamu ikaisha. Kungoja alikuwa anakuweza. Tangu siku hiyo alimwita Mkunga, naye akamwita Bwana Droo, na binti yao, aliyezaliwa 1983, alikuwa darasa la pili ndipo akagundua kwamba wazazi wake wana majina.

Mwaka 1984 Mkunga alihamishiwa hospitali ya rufaa katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Akaenda na mtoto, akapanga nyumba ya vyumba viwili, akamwambia mumewe, "Njoo ukimaliza." Ni hilo tu alilokuwa analitaka duniani, amalize aje. Marehemu aliomba uhamisho. Kadi ikashuka: "Droo haijapitishwa." Akaandika sentensi yake mwenyewe, kwamba mkewe yuko saa sita "away", akaipandisha kama mfano halali wa neno. Ikarudi: "Mfano wa kibinafsi. Tafuta mwingine."

Akatafuta. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alipanda basi kwenda kwa mkewe, na kila Jumapili akarudi. Kule alikaa kama mgeni mwenye adabu. Hakujua taa ya nje inawashiwa wapi. Kila Jumamosi asubuhi aliuliza, "Mkunga, vikombe viko wapi?" na kila Jumamosi akajibiwa, "Vikombe viko palepale, Bwana Droo." Mkewe alifikiri ni utani wao.

Tarehe 18 Septemba 2010 marehemu alipata kiharusi akiwa ofisini. Mama wa chai aligonga mara tatu, akafungua. Madaktari wa mji ule walimtazama na kuandika kwamba apelekwe hospitali ya rufaa. Hivyo kilichoshindikana kwa barua miaka ishirini na sita kiliwezekana kwa gari la wagonjwa, kwa saa nne na nusu, king'ora kikilia. Baada ya siku tatu wodini aliletwa nyumbani kwa mkewe. Aliishi hapo siku kumi na nane.

Kusema kulikuwa kuzito. Neno alilolirudia ni herufi moja, K. "Kilomita?" mkewe alimuuliza, maana kwa miaka yote hiyo na yeye alikuwa ameshaijua droo. "Kabla," alisema. "Kabla ya kilomita." "Lala, Bwana Droo, kilomita hazikimbii." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Siku ya kumi na tano aliinuka mwenyewe, akafungua kabati la upande wa kulia, akatoa vikombe viwili. Hakuuliza. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Jumatatu mjane na wifi yake walikwenda ofisini kuchukua koti na miwani yake. Mjane akavuta droo, akaenda herufi K. Kadi za kilomita zilikuwa zimekamilika tangu 1978 na hakuna aliyekuwa na haja ya kuzigusa. Kabla ya hizo palikuwa na kadi nyeupe kama nyingine zote, iliyopangwa kwa herufi, kama taratibu zilivyotaka. Ilianza na neno "Kibali". Ilisema droo ya kumi na tisa imepitishwa na mwenyewe yuko huru kuondoka. Ilitiwa saini na Msomaji wa Pili tarehe 14 Juni 1999.

Kwenye pembe kulikuwa na alama ya vema, ile aliyoweka marehemu kwenye kila kadi aliyoisoma, na tarehe yake: 22 Novemba 1999. Nyuma aliandika kwa penseli, "Ijumaa hii nitamwambia." Chini yake vijiti vya kuhesabia, vitano vitano. Dada yake alianza kuvihesabu, akaacha.

"Labda kulikuwa na mwanamke," alisema dada, akitafuta la kumtetea.

"Afadhali, wifi," alisema mjane. "Mwanamke ningemvuta nywele. Droo nitaikamata wapi?"

Akakaa kwenye kiti cha marehemu. Akautazama ule ukuta wa dirishani. Kisha akasema hivi, na ndiyo sababu mnayasikia: "Isomwe. Yote. Aliogopa kuishi na mimi, akaona haya kusema. Mimi nilidhani amefungiwa, kumbe alikuwa amejifungia, akakosa kitasa."

Msomaji wa Pili ni yule bibi wa mstari wa tatu, mwenye fimbo. Alistaafu Julai 1999. Alikuja msibani jana, akamshika mjane mkono. "Niliipitisha mwanangu," alisema. "Nikadhani alishakuja kwako. Nimefurahi kwa ajili yenu miaka kumi na moja."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja ambaye ni fundi umeme, dada, wapwa wanne, na kadi elfu kumi na nne za kitabu ambacho hakijatoka. Barua iliyokuja na shada inauliza nani atapokea droo. Familia inajibu mbele ya mashahidi: haipokelewi. Mjane ameifunga kwa ufunguo, na ufunguo ameuacha huko huko. Alichochukua ni kile kijiko cha mlango. Kiko kabatini sasa, pamoja na vikombe, palepale.

Safari hii hana pa kurudi Jumapili. Mungu ampe pumziko, na amani imkute nyumbani.