Lalamiko la Dada Lililochukua Miaka Kumi na Miwili

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha yake, na naomba mnivumilie sauti ikinipanda.

Dada alizaliwa tarehe 30 Juni 1961, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ufundi wa maabara, na tarehe 1 Machi 1982 akaajiriwa na idara ya maji, kwenye chumba chenye sinki mbili na dirisha lisilofunguka, ambako alipima maji ya visima mpaka wenzake wakamwita Mama Vipimo. Tarehe 16 Agosti 1986 aliolewa na fundi redio, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 2009 nafasi ya mkuu wa maabara ilikuwa wazi, akaitwa kwenye usaili tarehe 6 Aprili, na mkuu wa idara akamuuliza, "Ukisafiri kukagua visima, mumeo atapikiwa na nani?"

"Mume wangu ananishinda kupika, mzee," dada akajibu. "Niulize habari za maji."

Hawakumuuliza, na nafasi akapewa mwanamume ambaye dada ndiye aliyemfundisha kazi.

Tarehe 14 Mei akaandika lalamiko kwamba amebaguliwa kwa kuwa ni mwanamke, na kwa utaratibu lilianzia kwa mkuu wa idara, yaani yuleyule aliyelalamikiwa, ambaye alijibu kwa mistari miwili kwamba hakuona ubaguzi wowote. Akapanda ofisi ya utumishi, wakamwambia amechelewa siku tatu, akawaonyesha kwamba siku zinahesabiwa tangu barua ya matokeo, wakakubali, kisha ofisi ikahamia ghorofa ya nne na jalada lake likapotea, akapeleka nakala zake, wakaanza upya. Kwenye tume ya malalamiko ya watumishi kesi iliahirishwa mara kumi na moja, mara wajumbe hawajatimia, mara shahidi yuko semina, na siku moja, nikiwa naye kwenye benchi la koridoni, eti ufunguo wa chumba haujulikani ulipo. Wakati huo wote alikuwa amehamishiwa stoo ya chupa, na wenzake waliacha kunywa naye chai. Baadhi yenu mko hapa, karibuni, lakini nisiposema nitakuwa nimemdanganya marehemu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2021, na uamuzi ukatoka tarehe 2 Septemba, kurasa tisa, kwamba alibaguliwa na alistahili kusailiwa upya, ila kwa kuwa ameshastaafu hakuna la kutekelezwa. Mimi niliitupa ile karatasi mezani, yeye akaichukua, akasoma tena ukurasa wa mwisho.

"Wameandika kwamba nilibaguliwa," akaniambia. "Ulidhani wataandika?"

Alipata kiharusi tarehe 20 Novemba 2023, akafariki tarehe 11 Februari 2024, wadi ya wanawake, mabinti zake wakiwa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na majirani mliopokezana kumwogesha. Idara ya maji, shada lenu tumelipokea, barua ya kuomba radhi bado hatujaiona. Na yupo katibu muhtasi aliyeandika kumbukumbu za usaili ule, akaja mbele ya tume kusema kwamba swali la mapishi aliulizwa dada peke yake, na kabla mwezi haujaisha akahamishwa kituo. Mama, tafadhali simama, watu wakuone.

Dada, umechoka kwa haki, sasa lala kwa amani.